Nimekujaribia: maswali yenu kuhusu tovuti na huduma mpya

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Nakuru na huku kwetu magharibi, na karibu zote zinauliza jambo moja: huduma mpya imetokea kwenye simu, je, niiamini? Kwa wanaosoma ukurasa huu mara ya kwanza, nina saiba ndogo, duka la kukodi kompyuta na intaneti, hapa Kondele, Kisumu. Kabla ya hapo nilifundisha kompyuta kwa miaka 11, ndiyo maana mnaniita Mwalimu. Sisemi neno kuhusu tovuti yoyote kabla sijaijaribu kwa simu yangu na kwa pesa yangu. Risiti zote nazibandika kwenye daftari la jalada la buluu, na anayetaka kuliona anakaribishwa.

Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa nguo karibu na soko la Wakulima, Nakuru. Kwenye Facebook nimeona tovuti mpya inauza vitenge vya yadi 6 kwa shilingi 380. Mimi huvinunua kwa 1,100. Wanasema ofisi yao iko huko kwenu Kisumu, Oginga Odinga Street, ghorofa ya nne, na tovuti yao ina alama ya kufuli. Nina sare za harusi za watu 20. Nitume pesa?
*Fundi, Nakuru*

Usitume, dada yangu. Kama umeishika simu, iweke chini kwanza nikueleze nilivyofika hapo.

Nilianza na lisilogharimu kitu. Kila anwani ya tovuti ina tarehe iliposajiliwa, na mtu yeyote anaweza kuiangalia. Zinazoishia na .ke zinasimamiwa na KeNIC, na kwenye tovuti yao kuna kisanduku cha kuandika anwani, kikakupa tarehe. Zinazoishia na .com utazitafuta kwenye ukurasa wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani. Hawa wa vitenge wameandika juu kabisa, "Tunakuhudumia tangu 2016." Anwani yao ilisajiliwa siku 23 kabla barua yako haijanifikia. Mimi sina neno na kitu kipya, nusu ya kazi yangu ni kuvisifu vipya. Lakini aliyezaliwa juzi akijiongezea miaka, amenidanganya kabla hatujaanza kuulizana bei.

Kisha picha. Nilichukua ile ya kitenge cha manjano chenye mikia ya tausi, nikaitafuta kwa Google Lens. Ikatokea kwenye duka moja la Accra. Nilijua ni ile ile kwa sababu ya kidole: chini pembeni, mtu ameushika ukingo wa kitambaa, na kucha ya kidole gumba ina rangi nyekundu iliyobanduka upande mmoja. Kwenye tovuti yako picha wameikata ili kuondoa jina la duka, lakini kucha imebaki.

Halafu nikaenda ofisini kwao. Kutoka Kondele hadi mjini si mbali, nikapanda tuktuk Jumatano asubuhi. Nambari ya jengo waliyoandika ipo kweli. Jengo ni la zamani, chini wanauza rangi na misumari, juu kuna ghorofa moja tu yenye kinyozi na wakili. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikayahesabu madirisha mara mbili. Askari wa mlangoni hakuniuliza ninamtafuta nani. "Ni mambo ya vitambaa?" akasema. "Mama, wewe ni wa tatu tangu Jumatatu. Wa jana alitoka Siaya na ujumbe wa M-Pesa mkononi." Huyo wa Siaya ndiye aliyeninyima usingizi, kwa sababu nauli yake aliilipa baada ya kwisha kuwalipa hao.

Niliwapa pia nafasi ya kujitetea. Niliwaandikia kwenye WhatsApp kwamba nataka kipande kimoja, nitalipa nikikipokea, au nitakuja kukichukua mwenyewe. Wakajibu: lipa kwanza, nambari ni hii, ofa inaisha leo saa kumi na mbili jioni. Nambari ilikuwa ya mtu binafsi, si tili wala Paybill, zile nambari za malipo za biashara, na jina lililotokea halikufanana kabisa na jina la duka. Kesho yake nikawaandikia kwa laini nyingine. Ofa ilikuwa inaisha siku hiyo, saa kumi na mbili jioni.

Ile alama ya kufuli isikutulize. Maana yake ni kwamba unachoandika kinasafiri kati ya simu yako na tovuti bila wa njiani kukisoma. Haikuambii aliye mwisho wa safari ni nani. Cheti kinacholeta kufuli hupatikana bure, na tapeli hukipata sawa na benki. Watu wengi waliielewa vibaya hata Google ikaiondoa kwenye Chrome mnamo Septemba 2023 na kuweka alama nyingine mahali pake.

Na kwa msomaji aliyekwisha kutuma pesa kwa watu wa namna hii: peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 bila kungoja, ingawa njia hiyo imewekwa hasa kwa aliyekosea nambari, na mpokeaji akishazitoa pesa, kuzirudisha ni vigumu. Nambari ya tapeli itume kwa 333. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi. Hata usiporudishiwa, malalamiko yakiwa mengi juu ya nambari moja huwa na uzito ambao lako peke yako halina.

Sare zako zinunue hapo hapo Nakuru, mama. Anayechukua vipande 20 kwa mara moja ana haki ya kuomba bei ya jumla, na kitambaa utakigusa kwa mkono wako.

Mwalimu, naandika kwa uchungu. Septemba iliyopita uliisifu huduma mpya ya kupeleka vifurushi, ukasema chako kilitoka Kisumu hadi Nakuru kwa siku moja. Nikakuamini. Desemba nilituma jozi 12 za viatu kwa mteja wa Nakuru, vikakaa siku 9. Mteja akavikataa. Huduma imekataa kunirudishia hata nauli ya mzigo. Ungesema nini ungekuwa mimi?
*Muuza viatu, Kakamega*

Ningesema ulichosema, ndugu yangu. Naomba radhi, na naiomba hapa hapa niliposifia.

Nilipopata barua yako nilifungua daftari. Jaribio langu la Septemba lilikuwa kifurushi kimoja, kitabu, siku ya Jumanne, wakati barabara na stoo ziko wazi. Kwa hicho kimoja niliandika kana kwamba naijua huduma nzima. Sikuuliza Desemba itakuwaje, wakati kila mtu anatuma mzigo nyumbani na malori yanajaa. Kibaya zaidi, sikulalamika. Sikuwa na la kulalamikia, kwa hiyo sikujua wanampokeaje mwenye malalamiko.

Basi nimerudia. Nimetuma vitatu kwa huduma ile ile. Cha kwanza nilikitoa Ijumaa alasiri, kikafika Jumatatu saa tano. Cha pili nilikosea nambari ya mpokeaji kwa makusudi, tarakimu moja ya mwisho. Kikakaa stoo siku 4, na hakuna aliyenipigia mimi niliyetuma, ingawa nambari yangu ilikuwa imeandikwa juu ya boksi kwa kalamu nzito. Nilipoenda kukiulizia, kijana wa kaunta alikipata kwa dakika moja chini ya meza. Cha tatu nilikighairi nusu saa baada ya kulipa shilingi 180. Pesa zilirudi siku ya 16, baada ya kupiga simu mara 5, na kila aliyepokea aliniambia nianze maelezo upya.

Tangu barua yako nimebadili namna ya kujaribu, na nataka wasomaji wote walijue hilo. Zamani niliangalia jinsi huduma inavyokupokea: kujisajili ni rahisi, rangi zinapendeza, siku ya kwanza una punguzo. Hakuna huduma inayoharibu hapo, mlango wa mbele kila mtu huufagia. Sasa naanzia mlango wa kutokea. Naagiza kisha naghairi. Naweka pesa kisha nazitoa. Nafungua akaunti kisha naomba ifutwe. Nawaandikia saa tatu usiku nione nani atajibu, na lini. Huduma isiyokuachia uondoke na kilicho chako siisifu tena, hata iwe na kasi ya umeme.

Kuhusu viatu vyako, angalia ukurasa wao wa masharti, sehemu inayozungumzia fidia. Nimeusoma: mzigo ambao thamani yake haikutangazwa wakati wa kutuma wanaulipia kidogo mno. Wewe hukuitangaza kwa sababu hakuna aliyekuuliza, na hapo ndipo nadhani una la kusimamia. Waandikie barua, si kupiga simu, uambatishe risiti, tarehe ya kutuma, tarehe ya kufika, na ujumbe wa mteja wako akikataa. Wape siku 14. Wakinyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Ukifika huko, picha za skrini zitakufaa, kwa hiyo usifute mazungumzo yoyote hata kama yanakutia hasira ukiyasoma.

Shikamoo Mwalimu. Mimi pia ni mwalimu, wa shule ya msingi, Webuye. Nilijiunga na programu ya kutengenezea mazoezi ya watoto, "siku 7 bure." Nikaweka kadi. Siku ya 8 wakakata dola 12. Nikaifuta programu kwenye simu. Mwezi huu wamekata tena. Wameingia vipi na mimi nimeifuta?
*Mwalimu wa darasa la 5*

Marahaba, mwenzangu. Hawakuingia, hukuwa umewatoa. Kufuta programu kwenye simu ni sawa na kuacha kwenda klabu huku jina lako likiwa bado kwenye daftari la ada. Ulichokubali siku ile ni usajili, na usajili unakaa kwao, si kwenye simu.

Kama ulijiunga kupitia Play Store, ifungue, gusa picha yako juu kulia, ingia kwenye malipo na usajili, uikute programu hiyo, uighairi hapo. Kama ulijiunga kwenye tovuti yao moja kwa moja, Play Store haitakuonyesha kitu. Itabidi uingie kwa akaunti yako huko huko kwao na kuutafuta usajili kwenye sehemu ya malipo. Omba na dola 12 za pili zirudishwe, ukieleza kwamba hukuitumia mwezi huo hata mara moja. Niliwahi kuandika ombi kama hilo kwa huduma tatu tofauti, na mbili zilirudisha bila mabishano.

Siku nyingine, huduma nyingi hukuruhusu kughairi siku ile ile unayojiunga na bado ukamalizia siku zako za bure. Mimi hufanya hivyo kabla sijafungua hata ukurasa wa kwanza. Na usitoe kadi ya benki unayopokelea mshahara. M-Pesa wana kadi ya Visa isiyoshikika, GlobalPay, iliyoanza mwaka 2022. Inakata kwenye salio lako la M-Pesa, kwa hiyo wewe ndiye unayeamua kuna kiasi gani cha kukatwa.

Sasa Mwalimu. Kuna apu ya mkopo nimeletewa na rafiki, inataka iruhusiwe kuona namba zote za simu yangu na picha. Mkopo ni elfu 2 tu. Ni sawa?
*Bodaboda, Busia*

Si sawa, kijana wangu. Wanataka namba hizo ili ukichelewa wampigie mama mkwe wako. Google ilizikataza programu za mikopo kwenye Play Store kusoma namba na picha za watu kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Ukiona inayoziomba leo, uliza uliipata wapi. Nahisi rafiki yako alikutumia kiungo cha kuipakua nje ya Play Store. Benki Kuu ya Kenya huchapisha kwenye tovuti yake orodha ya wakopeshaji wa mtandaoni iliowapa leseni. Itafute kampuni kwa jina lake la usajili, kwa maana jina la programu mara nyingi ni jingine. Isipokuwemo, iondoe kwenye simu leo.

Habari za kazi, Mwalimu. Naishi Nyalenda, nina miaka 22, na nataka kuandika kama wewe: kujaribu tovuti na huduma mpya na kuwaambia watu ukweli. Nina simu moja tu, skrini imepasuka. Wiki iliyopita kampuni fulani iliona nilivyoandika kuhusu programu yao, wakanipa ofa ya shilingi 3,000 nikiwapa nyota 5. Nilikuwa nimewapa 3. Kodi ya nyumba inanikaba. Nifanye nini?
*Kijana wa Nyalenda*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara nne, na nyingine zote nimezijibu huku hii ikiwa mezani.

Usizichukue. Najua kodi ni nini, sikuambii kwa wepesi. Hizo 3,000 zinanunua nyota mbili ambazo si zako. Ni za mama wa Nyalenda atakayeweka pesa yake huko kwa sababu mtoto wa jirani alisema ni kuzuri. Waandikie kwa adabu: nyota zitaongezeka mambo matatu uliyoyaona yakirekebishwa, na utajaribu tena bila malipo. Wakiyarekebisha, andika hivyo kwa furaha. Nimeona kampuni changa zikibadilika kwa sababu ya maelezo mazuri ya mteja mmoja, na hakuna kitu kinachonipa raha kama hicho katika kazi hii. Kama siku moja utakubali malipo ya kutangaza kitu, sema juu kabisa kwamba umelipwa, na usikipe nyota hata moja.

Na hiyo skrini iliyopasuka usiionee haya. Wanaotengeneza huduma hizi huzijaribu kwenye simu mpya, kwa mtandao wa ofisini, mchana. Wateja wao wako Nyalenda na Kaptembwo na Mumias, saa mbili usiku, na bando la shilingi 20. Ukijaribu kwa simu yako utaona ambayo wao hawajawahi kuyaona. Mwaka jana nilifungua tovuti ya kuuzia mazao iliyokuwa imesifiwa mno. Kwenye kompyuta ya saiba ilikuwa safi. Kwenye simu ya shangazi yangu kule Ahero, kitufe cha kuthibitisha bei kilikuwa kimejificha chini ya tangazo la kampuni yenyewe, na kila alipogusa, lilifunguka tangazo. Mpunga wake haukupata mnunuzi kwa wiki tatu, akidhani ni yeye asiyejua kusoma.

Kwa hiyo andika simu uliyotumia, mtandao, saa, na kiasi cha bando kilicholiwa. Andika kama kuna Kiswahili, na kama Kiswahili chenyewe kinaeleweka au kimegeuzwa na mashine bila mtu kukipitia. Angalia kama nambari ya huduma kwa wateja inapokelewa na mtu. Omba data yako ifutwe, kwa maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuliomba hilo, na hesabu siku mpaka wajibu. Kisha, tafadhali, weka tarehe kubwa juu kabisa. Huduma hizi hufa. Jumia Food, ya kuagizia chakula, ilifungwa Kenya mwisho wa Desemba 2023. Copia, iliyokuwa ikiwafikishia bidhaa watu wa vijijini kupitia mawakala wa mitaani, ilikabidhiwa kwa wasimamizi Mei 2024. Mtu akiisoma sifa yako ya mwaka juzi leo na haina tarehe, anaweza kulipa mahali ambapo hakuna mtu tena.

Njoo saiba Jumamosi baada ya saa nane. Kuna programu mpya ya kukodi tuktuk ambayo wasomaji watano wameniuliza, na sijaiandikia kwa sababu simu zangu zote ni nzima. Njoo na yako kama ilivyo. Bando nitanunua mimi, ripoti tutaandika pamoja, na gharama ya saa zako nitakulipa kutoka mfuko wangu, ikiandikwa kwenye daftari kama risiti nyingine zote.